Redio Iliyonyamaza

Katika nyumba nyingi za Songea, mjini na vijijini, huonekana redio iliyonyamaza. Imewekwa juu ya kabati ikapata vumbi, au imetupwa nyuma ya nyumba, na watoto wamekwisha kung'oa sumaku yake na nyuzi zake za shaba kuwa vitu vya kuchezea. Mwenye redio akiulizwa, hujibu, "Imekufa." Neno hilo lafaa kuchunguzwa, kwa maana redio haifi kama ng'ombe afavyo. Redio ni mkusanyiko wa vitu vidogo vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Mara nyingi kilichoharibika ni kimoja tu, au ni waya mmoja uliokatika.

Mkulima wa Songea, mpini wa jembe lake ukivunjika, hatupi jembe. Huchonga mpini mwingine, kwa sababu anajua ya kuwa jembe ni vitu viwili, chuma na mti, wala kuvunjika kwa mti si kuvunjika kwa chuma. Lakini mkulima yuyo huyo, redio yake ikinyamaza, huitupa yote, kwa kuwa hajui sehemu zake. Asiyejua sehemu za chombo chake hana budi kukinunua mara mbili. Kwa sababu hiyo yapasa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi wafundishwe sehemu za redio na kazi zake, kama wanavyofundishwa sehemu za ua na sehemu za mwili.

Wako wasemao ya kuwa elimu hii ni ngumu mno kwa watoto. Na tazama jinsi ilivyo. Umeme hupita katika waya kama maji yapitavyo katika mfereji. Betri ni kama chemchemi iliyo juu katika milima ya Matogoro: kule kuwa juu ndiko kunakoyasukuma maji yateremke. Nguvu ya kusukuma umeme hupimwa kwa volti, na wingi wa umeme upitao hupimwa kwa ampia. Iko tofauti moja. Mfereji ukibomoka, maji humwagika. Lakini waya ukikatika, umeme husimama papo hapo, kwani sharti utoke upande mmoja wa betri, uzunguke, urudi upande wa pili. Njia hiyo ya kuzunguka huitwa saketi.

Katika njia hiyo vimewekwa vitu vidogo vya namna nyingi, na vinne ndivyo vya kujulikana kwanza. Rezista ni kama mahali pembamba pa mfereji: huzuia umeme usipite kwa wingi kupita kiasi. Kapasita ni kama mtungi: hupokea umeme unapozidi na kuutoa unapopungua, hata mwendo wake ukawa sawasawa. Dayodi ni kama mgono wa mvuvi: samaki huingia mdomoni asiweze kurudi, na umeme nao hupita katika dayodi kwa upande mmoja tu. Transista ni kama lango la mfereji: mtoto huliinua kidogo kwa mkono mmoja, na maji mengi, yenye nguvu kuliko mkono wake, yakapita. Kwa njia hiyo umeme hafifu ulionaswa na antena huongoza umeme mwingi wa betri, na sauti ikasikika chumba kizima.

Wala hesabu yake si ya kuogofya. Mwanafunzi ana betri nne za tochi, kila moja volti 1.5, jumla volti 6. Anataka kuwasha taa ndogo nyekundu ya LED, ambayo huhitaji volti 2 hivi na umeme wa ampia 0.02. Akiiunga moja kwa moja na betri, itaungua. Volti 4 zilizozidi sharti zipungue katika rezista. Basi hugawanya 4 kwa 0.02, akapata 200. Yaani anahitaji rezista ya omu 200. Kanuni hii ilitangazwa mwaka 1827 na Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule, na kipimo cha omu kimeitwa kwa jina lake. Tena kiasi cha rezista kimeandikwa juu yake kwa mistari ya rangi. Nyekundu ya kwanza ni 2, nyeusi ya pili ni 0, na kahawia ya tatu maana yake ni kuongeza sifuri moja. Kwa hiyo nyekundu, nyeusi na kahawia husomwa 200. Mtoto ajuaye kugawanya na kutambua rangi, atashindwa na nini?

Wengine husema ya kuwa mambo haya ni ya wageni. Ni kweli ya kuwa transista ilibuniwa Marekani mwaka 1947, na waliosifiwa kwa kazi hiyo ni John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley. Kabla ya hapo redio zilitumia vioo vilivyopata moto na kula umeme mwingi, na redio ya namna hiyo ilikuwa nzito. Transista ndiyo iliyoifanya redio kuwa ndogo, ikatosheka na betri za tochi, ikafika vijijini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania walikutana katika vikundi kusikiliza masomo ya redio juu ya malaria, maji safi na vyoo. Chombo kilichowafundisha watu wengi namna hiyo hakiwezi tena kuitwa cha wageni. Hata leo redio huwaletea watu wa mashambani habari za mvua na za mazao. Nayo ikinyamaza, ni mwalimu aliyenyamaza.

Wako tena wanaouliza, "Kwa nini kuhangaika, na redio mpya ni rahisi?" Lakini fedha ya redio mpya hutoka katika gunia la mahindi, na gunia hilo lingeweza kununua madaftari. Tena chombo hakitoweki kwa kutupwa. Betri zilizochakaa hupasuka na kuvuja dawa zake katika udongo, na vipande vikichomwa hutoa moshi mbaya. Wala asiyejua hapotezi redio tu. Hupoteza na uwezo wa kuhukumu. Akienda kwa fundi, hawezi kumtofautisha fundi apimaye kwa mita na yule abadilishaye kitu hiki na hiki kwa kubahatisha. Kapasita iliyokauka huweza kuifanya redio ivume. Mwenye kulijua hilo hakubali upesi akiambiwa ya kuwa redio nzima imeharibika.

Yafaa kukiri ya kuwa si kila redio hutengenezeka. Katika vyombo vya siku hizi, transista nyingi mno zimetiwa ndani ya kipande kimoja cheusi chenye miguu mingi, kiitwacho chipu. Nacho kikiungua, hakifunguliwi, na pengine bei yake na kazi ya kukibadilisha hushinda bei ya redio mpya. Lakini hata hapo ajuaye humshinda asiyejua, kwa kuwa hatupi fedha yake katika kazi isiyofaa, tena huzitoa sehemu zilizo nzima na kuziweka akiba.

Neno lililo zito kuliko yote ni la hatari, na wazazi waliogopalo hawakukosea. Zamani mji wa Songea ulitegemea mitambo ya dizeli. Mwaka 2019 ilizinduliwa njia kuu ya umeme itokayo Makambako, yenye volti 220,000, iliyouunga mji na gridi ya taifa. Umeme uingiao nyumbani hupunguzwa hata kufika volti 230, na hizo zatosha kabisa kumwua mtu. Kwa hiyo mwanafunzi na afanye mazoezi kwa betri za tochi peke yake. Chombo kilichochomekwa ukutani asikifungue kamwe. Wala asikifungue upesi hata kikiisha kuchomolewa, kwani kapasita kubwa huweza kuushika umeme baada ya waya kutolewa. Lakini hatari si sababu ya kuacha kufundisha. Mtoto asiyefundishwa hatakosa kuuchezea umeme. Atauchezea bila kujua.

Basi la kufanya si kubwa. Kila shule na iwe na kasha moja la redio na tochi zilizokwisha kutupwa, na mita moja ya kupimia. Wanafunzi wazitenge sehemu kwa namna zake, wazisome rangi zake, wazipime, na kuandika katika daftari ipi ni nzima na ipi ni mbovu. Aliye tayari kueleza kazi ya kila sehemu ndiye apewe ruhusa ya kuunga saketi ya taa. Kung'oa sumaku ili kuichezea si elimu, bali ni uharibifu. Kujua kwa nini sumaku imewekwa pale ndiyo elimu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa redio ni mdogo kuliko punje ya mtama, na kwa sababu hiyo hauonekani ila kwa macho yaliyofundishwa. Shule itakayoyafundisha macho hayo itaviokoa vyombo vingi kutoka jalalani, na lililo bora zaidi, itamwondoa mtoto katika kundi la watu wasemao "imekufa", na kumtia katika kundi la watu wanaouliza, "Kilichoharibika ni nini?"