IBAN: Mlinzi Atambuaye Kosa, Asiyemtambua Mwizi

Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, mabenki ya nchi za Ulaya zitumiazo yuro yamelazimika kulinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti yake kabla ya kutuma yuro. Amri hiyo imetokana na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024. Huenda askari aliye kambini Jinja au kituoni Mbarara akauliza: jambo hilo latuhusu nini? Latuhusu sana. Wengi wetu tuna jamaa Ulaya na Ghuba waletao fedha nyumbani, na askari wa Uganda wamekuwako Somalia tangu 2007, mbali na aila zao.

Yafaa kwanza tuifahamu IBAN yenyewe. Hii ni namba ya akaunti ya kimataifa, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1997, na daftari lake hutunzwa na shirika la SWIFT lililoko Ubelgiji. Huanza kwa herufi 2 za nchi, zikifuatwa na tarakimu 2 za uhakiki, kisha utambulisho wa benki na akaunti. Kila nchi ina urefu wake: Norway alama 15, Ujerumani 22, Saudia 24, na kwa vyovyote hazizidi 34.

Nguvu ya namba hii imo katika zile tarakimu 2. Benki huzihamishia mwisho alama 4 za mwanzo, huzigeuza herufi kuwa namba, A ikiwa 10 na Z ikiwa 35, kisha hugawanya yote kwa 97. Baki lisipokuwa 1, namba ni mbovu. Hivyo aliyekosea tarakimu moja hugunduliwa kabla fedha hazijaondoka.

Lakini hesabu hiyo hupima maandishi, haimpimi mtu. Ni kama mlinzi wa lango akaguaye muhuri wa kitambulisho bila kumtazama usoni aliyekishika. Mwizi akifungua akaunti, naye hupewa IBAN iliyo sahihi. Ndipo matapeli hujipenyeza katika barua pepe za muuzaji na mnunuzi, wakaandika kwamba akaunti imebadilika, na kuweka namba yao. Hesabu ya 97 huikubali, na mali hupotea. Pengo hilo ndilo Ulaya inalotaka kuliziba, hasa kwa kuwa malipo ya papo hapo ya yuro hufika kwa sekunde 10.

Katika eneo letu, Burundi na Somalia zimekwisha kuingia katika daftari hilo. Uganda, Kenya na Tanzania hazimo. Atumiwaye fedha Uganda hutoa namba yake ya kawaida, jina kamili kama lilivyo benki, na alama ya SWIFT ya benki hiyo, yenye tarakimu na herufi 8 au 11. Kwa hiyo anayeleta IBAN inayoanza na UG ana walakini. Tena, maadamu namba zetu hazina uhakiki huo wa kimataifa, benki ya ng'ambo haiwezi kulitambua kosa letu mapema.

Basi yampasa askari ainakili namba kutoka hati ya benki, wala si kwa kukumbuka. Akiarifiwa kwamba akaunti imebadilika, ampigie mhusika kwa simu aliyoijua zamani. Asikubali kamwe kuazimisha akaunti yake ili fedha za mgeni zipite, kwani huenda akashirikishwa katika uhalifu. Akidanganywa, aiarifu benki saa ileile.

Kwa polisi, IBAN ni ushahidi pia: herufi 2 za mwanzo hutaja nchi iliko akaunti, na hapo ndipo upelelezi uelekezwe. Tarakimu za uhakiki zimeupunguza uzembe wa kalamu. Hila ya binadamu bado inahitaji macho ya binadamu.