Cha Bure Nacho Kina Mizani

Mtunzi wa shairi akipunguza mizani moja tu, wasomaji wa ukurasa huu hawamwachii. Humwandikia, humkosoa, na pengine humjibu kwa shairi lenye vina vilivyotimia. Hakuna amsameheye ati kwa sababu hakulipwa. Kipimo hicho ndicho ninachotaka kukipeleka kwa mafundi wengine ambao nao hufanya kazi kwa mapenzi: wale watengenezao ndege na viwanja vya ndege vya ndani ya kompyuta.

Kwa asiyejua, ziko programu za kuigiza urukaji wa ndege. Mtu huketi chumbani mwake, akaondoka Mombasa na kutua Lamu bila ya kuinuka kitini. Jambo hili si geni. Bruce Artwick wa Marekani alitoa programu ya namna hiyo mwaka 1979, na Microsoft ikaanza kuuza yake mwaka 1982. Siku hizi ziko pia X-Plane na FlightGear. Lakini dunia ni pana, na kampuni haiwezi kuchora kila kiwanja wala kuunda kila ndege. Pengo hilo huzibwa na mafundi wa ridhaa, watu wenye kazi zao za mchana, ambao hukesha wakichora kisha wakatoa bure walichokifanya. Wanastahili shukrani, na mimi nawashukuru.

Hata hivyo, shukrani haifuti ukaguzi. Tuchukue kiwanja chetu cha Moi, Mombasa. Njia yake kubwa ya kurukia ina urefu wa mita 3,350, na imeandikwa 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, kwa kuwa huelekea karibu nyuzi 30 za dira, na kinyume chake 210. Fundi akiichora fupi au akaipinda, mtu wa Ulaya asiyepata kufika kwetu ataijua Mombasa isiyokuwapo. Kubaya zaidi ni kwa kijana ajifunzaye urubani wa kweli, naye hujizoeza nyumbani. Kipimo cha urefu kinachosema uongo humtia mazoea mabaya, na mazoea yana taabu kuyaondoa.

Wala asidhani mtu kwamba dawa ni kununua. Mwezi wa Februari 2018 iligunduliwa kwamba kampuni ya Flight Sim Labs, iliyokuwa ikiuza ndege ya Airbus A320 ya kompyuta, imetia ndani ya mzigo wake programu ya kuchukua maneno ya siri ya watu. Kampuni ilijitetea kuwa ilikuwa ikiwasaka wezi wa kazi yake, kisha ikaomba radhi na kuiondoa. Walionunua walikuwa wamelipa, na bado amana ilivunjwa.

Najua nitaambiwa: ukiwabana hawa wa ridhaa, wataacha, na wanaoanza wataogopa. Neno hilo lina haki yake. Lakini tukumbuke chuoni tulikosomea. Mwanafunzi hakupewa sura nyengine mpaka ile aliyo nayo ameisoma sawasawa mbele ya mwalimu. Hakufukuzwa kwa kutojua. Alijulishwa amefika wapi, na kila mtu alijua amefika wapi.

Watu wa FlightGear, ambao kazi yao yote ni ya kujitolea, wana utaratibu unaofanana na huo. Ndege hupimwa kwa mambo manne: jinsi inavyoruka, mitambo yake, chumba cha rubani, na umbo lake la nje. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, na masharti ya kila alama yameandikwa wazi, ili fundi ajipime mwenyewe na mwenziwe aweze kumhakiki. Ndege changa haikatazwi, ila haiwezi kujivika kilemba cha ukoka. X-Plane nayo hupokea viwanja kutoka kwa mafundi wa ridhaa. Kwanza programu ya kuchorea hutafuta makosa, kisha watu hukagua, ndipo kiwanja kikaingizwa katika hazina ya wote.

Huo ndio mwendo ninaoutaka kwa wote. Fundi aseme kipi kimekwisha na kipi bado. Ajaribu kazi yake katika kompyuta isiyokuwa yake kabla ya kuitoa. Asiguse cha mwenyewe ndani ya kompyuta ya mtu. Na akiwa amechukua umbo au sauti kwa fundi mwengine, aombe ruhusa na amtaje. Sisi tuliolelewa kuuliza habari imepokewa kwa nani hatuwezi kuliona hilo kuwa jambo dogo.

Nasi watumiaji tuna sehemu yetu. Kusifu kila kitu kwa kuwa ni cha bure si ukarimu. Ni kumwacha fundi palepale alipo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayeandika kwa adabu kwamba nambari ya njia imekosewa, na akaeleza iliyo sawa, amemheshimu fundi kuliko aliyempigia makofi bila ya kutazama.