Tukae Kando ya Anayeanza



Siku tulipoletewa kompyuta tatu kwa ajili ya maktaba ndogo ya madrasa yetu hapa Urambo tulifurahi, tukapiga picha, tukawaombea dua waliotoa. Kisha tukazifunika kwa vitambaa zisiingie vumbi. Miezi minane ilipita zikiwa chini ya vitambaa vile, na ufunguo wa chumba ukiwa mfukoni mwa mmoja wetu. Hakuna aliyetukataza kuzitumia. Tulidhani tu kwamba mwenye haja atakuja kuuliza. Lakini mtu asiyejua hata namna ya kuiwasha kompyuta haji kuuliza, kwani hajui aulize nini, na pengine anaona haya. Kosa hilo lilikuwa letu, na tunalitaja kwa sababu tunahofia kwamba si sisi peke yetu tuliolifanya.

Aliyetuamsha ni kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa tumbaku, aliyehitimu kidato cha sita kwa ufaulu mzuri. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu siku hizi hufanywa kwa njia ya mtandao, naye hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Alikwenda kwenye duka la steshenari, akalipa, akajaziwa. Aliyemjazia alimfungulia barua pepe, akatunga nywila asiyomwambia, akaandika namba ya simu ya duka. Fomu ikawa na kasoro, na taarifa ya kuisahihisha ikapelekwa katika barua pepe ile ambayo mwenyewe hakuwa na ufunguo wake. Alipokuja kujua, muda ulikuwa umekwisha. Mwaka mzima akabaki shambani akichuma tumbaku ya baba yake. Mwenye duka hatumlaumu sana. Alifanya kazi aliyolipwa. Tunajilaumu sisi, kwa kuwa kijana huyo alisoma juzuu Amma mbele yetu, na mita chache kutoka pale alipokuwa akikaa palikuwa na kompyuta tatu zimefunikwa.

Watu wa njia hii ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, wanalijua neno hongo kwa maana yake ya kwanza: nguo, shanga au waya ambavyo msafara ulimpa mtawala ili upite katika nchi yake. Mtemi Mirambo, ambaye nchi ya Urambo imepata jina kwake, alipofarakana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe mwaka 1871, aliifunga njia na misafara ikakwama. Leo hakuna mtemi aliyekaa njiani, ila asiyejua kompyuta hulipa hongo kila apitapo: kwa matokeo ya mtihani, kwa uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, kwa maombi ya kazi serikalini. Tena halipi fedha tu. Anaacha pale siri zake zote, na hana hakika kwamba zitatunzwa kama amana.

Kwa maoni yetu mahali pa kumpunguzia mzigo huu ni maktaba, kwa kuwa maktaba ni mahali ambapo mtu haulizwi amekuja kununua nini. Nchi yetu ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Tabora nayo ina maktaba yake ya mkoa. Lakini viongozi wa wakati ule walifahamu kwamba rafu ya vitabu haimsaidii asiyejua kusoma, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee wetu waliketi kwenye madawati ya watoto wao wakafundishwa herufi. Kompyuta iliyowekwa maktabani nayo inahitaji kisomo chake, na kisomo hakiwezekani bila mtu wa kufundisha.

Hapa Urambo tulipaswa kulijua hilo kuliko wengine. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza walileta matrekta ya mradi wa karanga hapa kwetu, kama walivyofanya Kongwa na Nachingwea. Mradi ulikufa kwa sababu nyingi, zikiwemo ardhi, ukame na haraka ya wakubwa. Na mojawapo ni kwamba mashine zilitiwa mikononi mwa watu waliofundishwa kwa pupa. Zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea.

Sisi wenyewe tunajua vizuri ilivyo kuanza. Tulipofika Khartoum kwa masomo, miaka kadhaa kabla ya vita vilivyozuka huko mwaka 2023, tulikuwa na nahwu na sarfu ya kutosha lakini hatukujua kipanya hushikwaje. Mhudumu wa maktaba, mtu mzima, hakutucheka. Alivuta kiti, akaketi kando yetu, akaiweka mikono yake magotini. Saa nzima hakukigusa kipanya. Alisema tu, akasubiri, akarudia. Baada ya wiki chache tulikuwa tukipekua Al-Maktaba Al-Shamila, programu ya bure iliyokusanya maelfu ya vitabu vya Kiarabu, na kuipata kwa dakika moja hadithi ambayo zamani ingetaka siku nzima ya kufunua majuzuu.

Ile mikono iliyokaa magotini ndiyo elimu yenyewe. Vijana wetu wanaojua kompyuta wana wema, lakini wana haraka. Siku ya kwanza tulipofungua chumba, mmoja wao alimwambia mzee, "Bonyeza hapo, mzee wangu." Mzee akauliza, "Hapo wapi, mwanangu?" Kijana akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe, na kazi ikaisha. Mzee akashukuru, akaenda zake bila kujifunza chochote. Mwalimu wa madrasa hamfundishi hivyo mtoto wa alifu na be. Hamsomei Fatiha kisha akamwambia sasa umeijua. Anamsikiliza akikosea mpaka apatie.

Mambo ya kuanza nayo ni machache. Mkono uzoee kipanya, na mkono uliozoea jembe huchukua siku mbili tatu, si ajabu. Maandishi ya kioo yawekwe kwa Kiswahili inapowezekana. Tangu mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, hatuna tena udhuru wa kusema kompyuta haijui lugha yetu. Kisha nywila. Hapa hatuna mzaha: msaidizi ageuze uso mwanafunzi anapoiandika, namba ya simu iwe ya mwanafunzi mwenyewe, wala asiinuke kitini kabla ya kutoka katika akaunti yake, maana kompyuta ya maktaba ni ya watu wote.

Wapo ndugu wanaotuambia kwamba intaneti ni mlango wa fitna. Hatukatai. Lakini fitna hiyo tayari imo mfukoni mwa kijana, ndani ya simu, naye huitazama peke yake usiku chini ya shuka. Kioo cha maktaba kinaonekana na watu, na kando yake ameketi mtu. Wengine wanataka chumba kiwe cha Waislamu tu. Tumelizungumza jambo hili kwa muda mrefu na hatukukubaliana wote. Sisi tulioshika ufunguo tumeamua kwamba jirani yeyote wa Urambo ataingia. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa jirani hakina madhehebu.

Yule kijana aliomba mkopo tena mwaka uliofuata. Alijaza mwenyewe, kwa vidole viwili, siku mbili. Kabla ya kuondoka kwenda chuoni alikaa kando ya wazee wawili mpaka wakajua kuandika na kutuma barua.

Chumba hufunguliwa Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alasiri. Jumapili ni ya akina mama, na mwalimu wao ni mwanamke. Ndugu zetu wa Tabora mjini waende maktaba ya mkoa wakamwombe mkutubi ruhusa ya kukaa na wanaoanza saa mbili kwa wiki. Hapa kwetu kompyuta tatu zinatosha kwa sasa. Wasaidizi ndio wachache, wawili tu, na mmoja wao anahamia Kaliua mwezi ujao.

Wabillahi tawfiq.