Watoto wasome kitabu, si muhtasari wake

Mzazi anayefungua daftari la Kiswahili la mwanawe siku hizi hukuta mara nyingi ukurasa mmoja ulionakiliwa kutoka ubaoni: jina la kitabu, jina la mtungaji, wahusika wakuu, dhamira tatu na mafunzo manne. Akimwuliza mwanawe hadithi yenyewe inakwendaje, mtoto huzitaja dhamira zile zile tatu kwa mfululizo, kisha hunyamaza. Hadithi haijui, kwa sababu kitabu chenyewe hajakishika. Alichopewa ni maganda, na tunda limebaki kabatini kwa mwalimu mkuu.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu walimu. Mwalimu mwenye nakala moja ya kitabu na darasa lililojaa wanafunzi hana mengi ya kufanya ila kuandika ubaoni. Tena anajua kwamba mtihani utauliza dhamira na wahusika, wala hautauliza kama mtoto alikesha akitaka kujua mwisho wa kisa. Kwa hiyo anafundisha kile kinachoulizwa. Kosa liko katika mpango mzima wa kusomesha hadithi, na kwa hivyo marekebisho nayo yanapaswa kuanzia huko.

Tuchukue mfano mmoja ulio karibu na sisi watu wa visiwani. Mwaka 1881, mtungaji wa Scotland, Robert Louis Stevenson, alichora ramani ya kisiwa cha kubuni akiwa pamoja na mtoto wake wa kambo, siku za mvua zilizowafungia ndani ya nyumba. Kutokana na ramani ile akaanza kutunga hadithi, karibu sura moja kila siku, na kila alichokiandika akawasomea watu wa nyumbani kwa sauti. Hadithi hiyo ilitoka kwanza kwa mafungu katika gazeti la watoto, na mwaka 1883 ikawa kitabu. Baadaye ilifasiriwa kwa Kiswahili na kuitwa Kisiwa Chenye Hazina, na wako wazee katika visiwa hivi ambao hata leo humkumbuka yule mpishi wa mguu mmoja na kasuku wake begani.

Kwa nini wanamkumbuka? Hawakumkariri. Walikwenda naye safari. Mtoto Jim Hawkins, ambaye wazazi wake walikuwa na nyumba ya wageni, anaingia chomboni kwenda kutafuta hazina. Usiku mmoja, akiwa ndani ya pipa la matunda, anasikia mabaharia wakipanga kuasi na kuua. Baadaye anatoroka peke yake kwa kijidau kidogo, anaukata amari wa chombo kilichotiwa nanga, na maji yanayokupwa yanakichukua chombo. Mtoto wa Nungwi, wa Tumbatu au wa Wete hahitaji kuelezwa hatari ya kijidau katika mkondo wa maji. Anazijua bamvua na maji mafu, anaujua upepo wa kusi na wa kaskazi, na huenda babu yake alikuwa nahodha. Darasani mtoto huyu angeweza kumfundisha hata mwalimu aliyelelewa mbali na pwani. Lakini nafasi hiyo hapewi, kwa kuwa katika muhtasari wa ubaoni bahari imekuwa neno moja tu chini ya kichwa kinachosema “mandhari”.

Liko jambo jingine lililo zito zaidi. Yule mpishi, Silver, ni mtu mcheshi, mwenye maneno matamu, anayempenda Jim na kumwita kwa upole. Mtu huyo huyo anamwua baharia asiyetaka kujiunga na uasi. Kisha, mambo yanapogeuka, anayaokoa maisha ya Jim kutoka mikononi mwa wenzake. Je, ni mtu mwema au mwovu? Muhtasari humtia katika safu ya waovu, na kazi ikaisha. Mtoto aliyekisoma kitabu chote hawezi kujibu kwa wepesi hivyo. Amemwamini, amesalitiwa, amemwogopa, na mwisho amemwonea huruma. Somo la namna hii lina faida kubwa kwa kijana atakayekutana mjini, sokoni na katika simu yake na watu wengi wenye ulimi wa asali. Tunalalamika kila siku kwamba vijana wanadanganywa kwa urahisi. Basi na tuwape mahali pa kujifunza kupima watu bila ya kuumia.

Wako watakaotuuliza: mbona mnatutajia kitabu cha Wazungu, kilicholetwa zama za ukoloni, kinachosifu kuchimbua mali ya wizi? Swali hilo ni la haki. Hazina ya kisiwa kile ni mali iliyoporwa baharini, na hakuna katika safari ile anayeuliza wenyewe ni nani. Lakini swali hilo hilo ndilo linalofaa kuulizwa darasani. Tena halituhusu kwa mbali. Kasuku wa Silver anasemwa katika hadithi kuwa amewahi kufika Bukini na pwani ya Malabar, pamoja na haramia England. Huyo England hakuwa wa kubuni. Mwaka 1720 alipigana na jahazi la Kiingereza lililoitwa Cassandra huko Nzuani, katika visiwa vya Ngazija, ndugu zetu wa bahari moja. Mwalimu mwenye kitabu na ramani ya Bahari ya Hindi anaweza kutoka katika hadithi akaingia katika historia na jiografia, na wanafunzi wakamfuata kwa hiari yao.

Wala hatusemi kwamba watoto wetu waishi kwa vitabu vya kufasiriwa. Unguja ina sifa yake. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1960 kilitoka kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, na Bwana Msa wake akapata wasomaji kote Afrika Mashariki. Mwaka 2021 mzaliwa mwingine wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Waandishi hawaoti kama uyoga. Kila mmoja wao kwanza alikuwa msomaji. Kizazi kinachopewa muhtasari peke yake kitatoa waandishi wa muhtasari, na baada ya miaka thelathini tutakaa tukijiuliza waliokuwa wakituandikia wamekwenda wapi.

Hasara haiishii katika fasihi. Mtoto wetu akifika sekondari hukuta masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Anatakiwa asome kurasa nyingi katika lugha ya kigeni, hali hajawahi kumaliza kitabu kizima katika lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kusoma kwa muda mrefu, kushika kisa kinachopanda na kushuka, kukisia maana ya neno kutokana na maneno yanayolizunguka: yote haya ni mazoea, na mazoea hujengwa mapema kwa hadithi zinazovuta. Tunapoona matokeo mabaya ya mitihani tunatafuta sababu mbali, na sababu moja iko chini ya pua zetu. Samaki mkunje angali mbichi.

Nini basi kifanyike? Jambo la kwanza halihitaji fedha. Kila mwalimu wa Kiswahili atenge dakika ishirini, mara mbili kwa wiki, akisomee darasa kitabu kwa sauti, sura baada ya sura, bila ya kuandika kitu ubaoni. Stevenson mwenyewe aliijaribu hadithi yake kwa njia hiyo, na bibi zetu waliijua kabla yake. Nakala moja hutosha kwa darasa zima ikiwa ina msomaji mzuri.

La pili, wanaotunga mitihani wabadilishe maswali. Badala ya kumtaka mwanafunzi ataje dhamira tatu, wamwulize angelifanya nini mahali pa Jim ndani ya pipa, na kwa nini. Swali kama hilo halijibiki kwa kukariri, na mwalimu hatakuwa na budi ila kukifungua kitabu. Mtaala unaosisitiza umahiri hauwezi kupimwa kwa maswali ya kukariri.

La tatu, Wizara inayohusika ihakikishe kwamba vitabu vya hadithi vinafika skuli za shamba, Unguja na Pemba, kwa idadi inayowezesha watoto wawili au watatu kutumia nakala moja, na kwamba havifungiwi kabatini kwa kuogopa kuchakaa. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake, lakini kilichobaki kipya kwa miaka kumi ni hasara kwa serikali.

La nne ni letu wazazi. Tumwulize mtoto hadithi, tumsikilize mpaka mwisho, na tukiwa na uwezo tumnunulie kitabu kimoja wakati wa sikukuu pamoja na nguo mpya.

Katika hadithi ya Stevenson, maharamia wanafika mahali palipotiwa alama katika ramani, wanachimba, na kukuta shimo tupu. Hazina ilikwisha hamishwa na mtu aliyeishi kisiwani na kukijua kisiwa vizuri. Watoto wetu nao wamepewa ramani iliyojaa alama za dhamira na mafunzo, na wakichimba hawakuti kitu. Hazina iko ndani ya kitabu. Wenye dhamana ya elimu katika visiwa hivi wanajua ilipo, na tunawaomba wawafikishe watoto huko.