Filta ilikula kovu la mzee wa watu

Wasee, wacheni kuuza filta mkisema ni kazi ya mkono. Naongea kama mtu aliyefanya hiyo kitu akashikwa.

Mama mmoja wa mtaa wetu aliniletea picha ya marehemu mumewe, nimchoree ya kutundika sebuleni. Nikaiweka kwa Blender, nikapitisha filta ya Kuwahara, nikaprinti kwa turubai. Kazi ya dakika ishirini. Nikamwambia nimechora wiki mbili. Akaiangalia, akaiangalia tena. "Kijana wangu, ni nzuri. Lakini lile kovu lake la pale kwa nyusi liko wapi?"

Maze, sikuwa na jibu. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hesabu za hiyo filta nilizisoma usiku kwa simu. Kumbe haichori chochote. Kwa kila pikseli inaangalia vipande vinne vya jirani, inachagua kile chenye rangi zilizotulia zaidi, inachukua wastani wake. Kingo kubwa zinabaki kali, vitu vidogo vinalainishwa hadi vinapotea. Ilitoka Japani mwaka wa 1976, ya kusafisha picha za moyo za hospitali. Huko alama ndogo ni uchafu. Kwa mama huyu, ile alama ndogo ilikuwa mzee wake.

Sisemi kompyuta haiwezi. Mwaka wa 1990 Paul Haeberli alionyesha programu ambayo wewe unasogeza brashi juu ya picha na mashine inaokota rangi iliyo chini. Mwaka wa 1998 Aaron Hertzmann akafanya ijipake yenyewe: inaanza na brashi nene, halafu inarudi na nyembamba pale tu ambapo mchoro umeachana sana na picha. Hiyo naipenda, ni kama msee wa kuchora matatu, rangi kubwa kwanza. Lakini nayo inapima tofauti ya rangi tu. Nani ataiambia kovu ni muhimu?

Nilirudi kwa huyo mama nikamwambia ukweli, aibu tupu. Nikazuia filta isipite kwa nyusi, nikachora lile kovu mwenyewe na kalamu ya tableti. Lilinichukua jioni nzima, na bado halijakaa poa vile nilitaka. Siku hizi nina bei mbili, ya filta na ya mkono, na mteja anaambiwa kabla hajalipa. Wengi huchukua ya filta. Sawa tu.