Nimeliwa na Nani?

Mtu akipoteza fedha katika pari, Kiswahili sanifu kinampa neno moja la kutosha: "nimeliwa". Hapa Bunia, na kwetu Nyankunde, kauli ya kutendwa haitumiki sana mtaani, basi tunasema "balinikula". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kitivo hiki ataona mara moja kwamba sentensi hizi mbili zina maumbo tofauti na upungufu mmoja. Ya kwanza imemwacha mtenda nje kabisa. Ya pili imemtaja kwa kiambishi "ba-" tu, kile kile tunachokitumia kwa watu tusiowajua: baliiba, balipita, balichoma. Aliyeliwa yupo, ana jina lake na madeni yake. Aliyekula hana jina.

Hoja yangu ni fupi. Naona hatari kubwa ya pari imejificha katika nafasi ile iliyobaki wazi baada ya neno "nimeliwa". Siku tutakapozoea kuikamilisha sentensi hiyo, tutauona mchezo huu jinsi ulivyo. Na kukamilisha sentensi ni kazi yetu sisi watu wa lugha kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Nianze na msimamo wangu, ili msomaji ajue anazungumza na nani. Mimi sichezi pari. Sisemi hivyo ili nionekane mtakatifu. Nimekulia mahali ambapo mahubiri dhidi ya kamari si haba, na nayaheshimu. Lakini nimeona pia jinsi wachezaji wanavyoyapokea: Jumapili wanaitikia amina, Jumamosi inayofuata wanajaza tiketi. Wala sikubaliani na wasomi wanaosema kwamba wachezaji ni wajinga. Kati ya wenzangu wa promosheni, wanaocheza ni baadhi ya wale wanaopiga hesabu haraka kutuzidi. Motari anayesubiri abiria kwenye parking, mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa, mwanafunzi aliyetoka nyumbani na minervali mfukoni: hao si wavivu. Ni watu wanaotafuta. Ndiyo maana napenda kubishana nao kwa hoja, si kwa laana.

Hoja yao iliyo nzito kuliko zote ni hii: "Maisha yote ni kamari." Mahali pengine maneno hayo yanaweza kuwa mzaha. Kwetu si mzaha. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Watu wengi mno waliuawa, wengine wakiwa wagonjwa vitandani, na hospitali ya CME, iliyokuwa tegemeo la watu wa kaskazini-mashariki ya nchi, ikaporwa na kuachwa tupu. Tangu Mei 2021 mkoa wetu wa Ituri umewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na bado kuna mkulima anayepanda bila kujua kama atavuna yeye au mwingine. Mtu aliyeishi hivyo akikuambia kwamba kesho ni bahati, usimcheke. Ameyaona.

Hata historia ya maneno inaonekana kumuunga mkono. "Hatari" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko mzizi huo huo umezaa kitenzi cha kuweka dau. Lakini ndugu wawili si mtu mmoja. Hatari na kamari vinatofautiana katika jambo moja kubwa.

Mkulima wa Nyankunde anayepanda muhogo anaingia hatarini: kuna mvua, kuna ugonjwa wa majani, kuna wenye silaha. Ila hakuna mtu aliyekaa mahali akapanga mapema kwamba mihogo ya kijiji kizima ikijumlishwa, lazima ipungue. Mwaka ukiwa mzuri, jirani naye anavuna, na mavuno ya huyu hayakutoka kwenye shamba la yule. Mchimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu naye anaweza kuchimba miezi mingi bila kuona kitu. Lakini dhahabu ipo ardhini, na PDG wa shimo lake anamjua kwa uso. Wakigombana juu ya mgawo, anajua mlango wa kugonga. Hata hospitali yetu ya CME haikurudi kwa bahati. Watu walirudi, wakafagia, wakaezeka, wakafungua tena wodi. Walijua hatari, wakafanya kazi ndani yake.

Katika pari hakuna kinachoota wala kinachochimbwa. Fedha anayopata mmoja ni fedha waliyopoteza wengine, baada ya kampuni kuondoa sehemu yake. Na sehemu hiyo si siri. Imeandikwa kwenye tiketi yenyewe, kwa tarakimu. Tuisome pamoja.

Tuchukue mfano wa mechi ambayo pande zake mbili ziko sawa kabisa, kama sarafu inayorushwa juu. Ukiweka franka 1,000, malipo ya haki yangekuwa franka 2,000, kwa kuwa nafasi yako ni moja kati ya mbili. Kampuni, tuseme, inakuandikia 1.85. Ukipatia, unapewa 1,850. Maana yake, kwa wastani kila franka 1,000 unayoweka inarudi 925. Utasema: franka 75 ni nini? Ni bei ya kujiburudisha.

Lakini wachezaji wachache huishia kwenye mechi moja. Wengi huunganisha mechi nyingi, kwa sababu namba iliyo chini ya tiketi inapendeza macho. Unganisha mechi 8 za namna hiyo: franka 1,000 inaahidi takriban 137,000. Hiyo ni fedha ya kulipia mambo mengi. Sasa hesabu upande wa pili. Kupatia mechi zote 8 ni nafasi moja kati ya 256. Malipo ya haki yangekuwa 256,000. Kwa wastani, ile 1,000 yako inarudi franka 536 hivi. Karibu nusu imekwisha kuliwa kabla filimbi haijapulizwa, na haikuliwa na golikipa, wala na mwamuzi, wala na mkosi. Imeliwa na aliyeandika 1.85 mahali palipostahili 2, kisha akakuacha uizidishe mwenyewe mara nane.

Jibu la swali la kichwa cha makala haya ndilo hilo. Lakini sikiliza watu wanavyozungumza Jumapili asubuhi. Mchezaji aliyekosa mechi moja kati ya nane anajua kabisa nani wa kulaumiwa: ni Chelsea, au ni beki aliyejifunga dakika ya 90. Watanzania huiita tiketi ya pari "mkeka", na mtu akikosa husema timu fulani "imemchania mkeka". Hapo mtenda ametajwa, lakini si yeye. Na mchezaji anabaki na imani kwamba alikaribia, kwamba alipungukiwa mechi moja tu. Hesabu haimjui aliyekaribia. Tiketi ya mechi saba na tiketi ya mechi sifuri zinalipwa sawa.

Msamiati wote wa mchezo huu unafanya kazi ya namna hiyo. "Kamari", nalo kutoka Kiarabu, lina harufu. Mtu halitamki mbele ya mama mkwe. Basi Tanzania ilipotunga sheria ya mwaka 2003, chombo cha kutoa leseni kikajulikana kama Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Jambo ni lile lile: mimbarani ni kamari, ofisini ni mchezo wa kubahatisha. Sisi Wakongo tulikopa "pari" kutoka Kifaransa, neno fupi lisilo na harufu yoyote. "Kushinda" nalo lina maana mbili, na Kiswahili chetu hakizitenganishi: ukisikia "alishinda kwenye pari", huwezi kujua kama alipata fedha au kama alikaa pale tangu asubuhi hadi jua likazama. Mara nyingi ni ya pili.

Hata hivyo, neno ninaloliogopa zaidi ni "kurudisha". "Nacheza tena ili nirudishe pesa yangu." Kisarufi hakuna kosa. Kimaana, sentensi hiyo inaichukulia fedha iliyoliwa kana kwamba imewekwa mahali inamsubiri mwenyewe. Haipo. Tiketi mpya haina kumbukumbu ya tiketi ya jana. Inaanza upya, na inakata upya. Mtu anayecheza franka 500 kwa raha, akakosa, akaenda zake, simwoni kuwa na tatizo. Amelipia raha yake kama anayelipia soda. Tatizo huanza siku kitenzi "kucheza" kinapogeuka "kurudisha". Hapo ndipo minervali inapokwenda, kisha simu ya dada inawekwa rehani, kisha mtu anaacha kupokea simu za nyumbani. Simu yenyewe imefupisha njia: zamani ulihitaji kutembea hadi kwenye kibanda, na njiani ungeweza kubadili mawazo. Leo fedha inatoka M-Pesa au Airtel Money ukiwa umelala kitandani, usiku, bila shahidi.

Je, serikali haziwezi kutusaidia? Zimejaribu. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda iliweka katika sheria yake ya 2016 umri wa miaka 25 kwa mchezaji, na Januari 2019 ikatangaza kwamba kampuni mpya za pari hazitapewa tena leseni. Waziri aliyeleta tangazo hilo, kwa mzaha wa majina, anaitwa David Bahati. Kenya nayo mwezi Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, ikiwemo SportPesa. Vijana na madeni yao walitajwa katika mjadala huo, lakini ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kodi. SportPesa ikasitisha udhamini wake, na klabu za mpira kama Gor Mahia na AFC Leopards zikajikuta hazina mfadhili. Hapo tukaona sahani ile ilikuwa na mikono mingi: kampuni, hazina ya serikali, hata klabu tunazozishangilia. Ukitaka kuikamilisha sentensi ya "nimeliwa" kwa ukweli wote, orodha ni ndefu. Na mwenye mkono sahanini hawezi kuwa wa kwanza kukuambia kwamba chakula ni wewe.

Kwa hiyo sisubiri serikali. Nawaelekea wasomaji wa jarida hili, wanafunzi na wahadhiri, kwa mambo mawili tunayoweza kuyafanya bila kibali cha mtu.

La kwanza: masharti ya pari mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo, wakati anayeweka fedha anaongea Kiswahili cha Bunia, Kibira, Kihema au Kilendu. Sisi tunafundishwa tafsiri. Badala ya kutafsiri kila mwaka matini zile zile, tuchukue ukurasa mmoja wa masharti hayo, tuutafsiri kwa lugha ya parking na ya soko, na tuongeze hesabu ya mechi 8 niliyoionyesha hapo juu. Karatasi moja. Tusiweke neno "dhambi" wala neno "ujinga". Tuweke mtenda tu.

La pili: tukusanye msamiati wa fedha wa watu wetu kabla haujamezwa na ule wa pari. Tuna likelemba, ambapo kila mwezi mmoja anapokea mchango wa wote, hadi zamu imzungukie kila mtu. Kenya wana chama, Tanzania wana upatu. Wanawake wengi wa Tanzania huuita upatu huo "mchezo", na wanasema wanacheza. Ni neno lile lile, mchezo, lakini huko kila anayecheza anajua majina ya wenzake wote, anajua zamu yake ni lini, na anatoka na kile alichoweka. Mhadhiri anayetafuta mada ya kumpa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mada ndiyo hiyo.

Kuna atakayesema kwamba karatasi moja ya Kiswahili haimzuii mtu mwenye njaa kutafuta muujiza. Kweli, haimzuii. Mimi sitaki kumzuia. Ni mtu mzima, fedha ni yake. Nataka ajue anaongea na nani anapobonyeza kitufe. Hivi sasa anadhani anashindana na bahati, na bahati haina ofisi wala mahesabu ya mwaka. Anayeshindana naye anavyo vyote viwili.

Basi mwenzako akikujia Jumapili na kukuambia "balinikula", usimhubirie, wala usimcheke. Muulize kwa upole, kama tunavyoulizana darasani: hao "ba-" ni akina nani?