Siri ya bei ya mabondo huvujia wapi?

MFANYABIASHARA wa mabondo aliyeko Murangi, upande wa Majita mkoani Mara, hana mali inayoharibika haraka kama habari. Bondo lenyewe likishakaushwa vizuri linakaa. Bei haikai. Asubuhi tajiri wake aliyeko Mwanza anampelekea ujumbe kwamba bondo la sangara la ukubwa fulani limepanda, naye ana saa chache tu za kununua mwaloni kabla wengine hawajapata habari. Wakishapata, faida inakwenda kwa mwenye mtumbwi (jambo ambalo wavuvi hawatalilalamikia hata kidogo) au kwa mnunuzi jirani mwenye fedha taslimu mfukoni.

Ndiyo maana suala la kulinda mawasiliano ya biashara, ambalo zamani lilionekana la mabenki na majeshi, sasa linagusa mialo ya Ziwa Victoria. Wataalamu wa kompyuta wanasisitiza usimbaji wa tabaka kwa tabaka. Kusimba ni kugeuza maneno yawe mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiosomeka na yeyote asiye na ufunguo. Tabaka maana yake ni kwamba ujumbe uliokwisha kusimbwa unafungwa tena ndani ya usimbaji mwingine, ili mwizi akivunja kufuli moja akute jingine. Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Enzi za telegramu wafanyabiashara walikuwa na vitabu vya maneno ya mkato, neno moja likisimama badala ya sentensi nzima, ili kupunguza gharama na pia kumficha karani wa posta asielewe kinachouzwa.

Tabaka la kwanza kila mwenye simu ya kiganjani analo bila kulijua. Ujumbe mfupi wa maneno unaotoka kwenye kitochi husimbwa njiani hadi kwenye mnara. Tatizo ni kwamba kufuli hilo ni la zamani. Kanuni iitwayo A5/1, iliyotumika katika mitandao mingi ya kizazi cha pili, ilibuniwa mwaka 1987, na Desemba 2009 mtaalamu wa Kijerumani, Karsten Nohl, alitangaza mjini Berlin kwamba yeye na wenzake wamekamilisha majedwali ya kuivunja. Mitandao ya vizazi vilivyofuata imeimarishwa. Hata hivyo, kufuli lisipovunjwa, kazi yake inaishia mnarani. Kuanzia hapo ujumbe unapita kwenye mitambo ya kampuni ukiwa unasomeka, na kinachomzuia mfanyakazi asiutoe nje ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Huo ni ulinzi wa sheria, si wa hesabu.

Tabaka la pili ni lile la programu kama WhatsApp, ambayo tangu Aprili 2016 inasimba mazungumzo kutoka simu hadi simu. Funguo zinakaa kwenye simu mbili zinazowasiliana, na kila ujumbe una ufunguo wake, hivyo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Inachoweza kujua ni nani aliwasiliana na nani na lini, na katika biashara hilo nalo ni habari. Anayeona simu ya wakala fulani ikiongea na Mwanza mara kumi asubuhi moja hahitaji kusoma chochote ili ajue kwamba kuna kitu.

Tabaka la tatu, la VPN, hupitisha mawasiliano yote ndani ya njia iliyofungwa. Linafaa kiwanda cha samaki chenye matawi, au kampuni inayotumana mikataba na wanunuzi wa nje. Hapa nchini lina masharti yake. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizitaka kampuni na watu wanaotumia VPN kutoa taarifa zao, ikiwamo anwani ya IP, kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Kwa mnunuzi mdogo wa Murangi tabaka hili halina manufaa makubwa. VPN ya bure inamwondolea mtoa huduma mmoja anayemfahamu na kumkabidhi kwa mwingine asiyemfahamu kabisa.

Basi siri inavujia wapi, ikiwa makufuli yote haya yapo? Inavujia kwenye simu yenyewe. Kambi ya uvuvi isiyo na umeme ina mtu mmoja mwenye sola, na simu za watu wote hulala kwake zikichajiwa. Simu isiyo na neno la siri ikikaa pale saa moja, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuiunganisha na kompyuta au simu yake kupitia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa ndani ya WhatsApp, kisha akaendelea kusoma kila kinachoingia akiwa nyumbani kwake. Usimbaji haujavunjwa. Umemhudumia yeye kama mwenye simu.

Vivyo hivyo kwa nakala ya mazungumzo inayohifadhiwa kwenye mtandao. WhatsApp ilianza kuruhusu nakala hiyo isimbwe kwa ufunguo wa mteja Oktoba 2021, lakini ni lazima mteja mwenyewe aamue. Asipofanya hivyo, anayepata neno la siri la akaunti yake ya Google ana njia ya kuyafikia yale yaliyofungwa kwa makini njiani.

Hata wenye fedha nyingi wamenaswa hapo hapo. Mwaka 2020 ilifahamika kwamba polisi wa Ufaransa na Uholanzi walikuwa wamesoma mawasiliano ya EncroChat, simu za gharama kubwa zilizouzwa kwa sifa ya usimbaji mkali na zilizokuwa na watumiaji wapatao 60,000, wengi wao wahalifu. Hawakuhangaika na hesabu za usimbaji. Walipenyeza programu ndani ya simu zenyewe na kusoma ujumbe kabla haujafungwa.

Kuna pengo jingine ambalo Watanzania wanalifahamu vizuri kuliko walivyozoea kukiri: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Aliyeandika maneno hayo hasikilizi mazungumzo ya mtu. Anajifanya mtu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019 haujafuta mchezo huo, na namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa aina hiyo ipo kwa sababu bado unatumwa. Kwa wakubwa mchezo ni ule ule, ila unachezwa kwa barua pepe yenye ankara iliyobadilishwa namba ya akaunti. Mwaka 2023 pekee FBI ya Marekani ilipokea malalamiko 21,489 ya namna hiyo, yenye hasara inayozidi dola bilioni 2.9. Njia iliyofungwa kwa makufuli matatu haisaidii kitu ikiwa tapeli ndiye aliyekaa upande wa pili.

Dawa ya hili ni ya bei nafuu na haitumiki inavyostahili. Mazungumzo ya WhatsApp yana namba ya usalama yenye tarakimu 60, ambayo tajiri na wakala wake wanaweza kuilinganisha siku wanapokutana ana kwa ana. Laini ikihamishiwa kwenye simu ya mtu mwingine, namba hiyo hubadilika, na simu hutoa taarifa ikiwa imewekwa itoe. Aidha, agizo lolote la kubadilisha namba ya malipo lithibitishwe kwa kupiga simu kwenye namba ya zamani, na kwa kuwa sauti nazo siku hizi huigwa na kompyuta, pawepo neno ambalo wawili hao wamekubaliana na hawajawahi kuliandika popote.

Mwenye hasara si mnunuzi peke yake. Daftari la madeni ya nyavu na mafuta ya injini limeanza kuhamia kwenye simu, pamoja na majina na namba za wavuvi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu wengine azilinde, awe mwenye kiwanda mjini Musoma au mwenye mzani mmoja mwaloni.